Mapafu Yaliyopima Mashine

Mlango wa mwisho wa ghorofa ya pili, katika hospitali ile, ulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe yaliyoanza kubanduka: CHUMBA CHA KUPIMA PUMZI. Nyuma ya mlango huo mtu mmoja alifanya kazi kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo wagonjwa hawakulijua jina lake. Walimwita Bwana Shikilia, kwa kuwa hilo ndilo neno walilolisikia kinywani mwake kuliko jingine lolote. Lilimfuata mpaka mtaani kwake. Watoto wa jirani walipokutana naye walimwamkia, "Shikamoo, Mzee Shikilia," kisha wakavimbisha mashavu na kubana pumzi mpaka macho yakawatoka pima. Naye aliwaitikia marahaba, hakununa wala hakucheka, akaendelea na njia yake.

Kipimo chenyewe alikieleza kwa kila mgonjwa kwa maneno yale yale. Mtu hukaa ndani ya kibanda cha kioo, pua imebanwa kwa kibanio, mdomo umeuma bomba. Hutoa pumzi yote aliyo nayo mpaka ahisi mbavu zinakutana. Kisha huvuta kwa mkupuo mmoja hewa ya mtungini, ambayo ndani yake imetiwa chembe ya ile gesi inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, lakini kidogo mno, kiasi kisichomdhuru mtu. Damu huipenda gesi hiyo kuliko inavyoipenda oksijeni, na huidaka mara tu inapopenya ukuta mwembamba wa mapafu. Mgonjwa hushikilia pumzi sekunde kumi, kisha huiachia, na mashine huhesabu kilichorudi. Kisichorudi ndicho kilichopita. Kwa hesabu hiyo daktari hujua oksijeni nayo inapita kwa kiasi gani kwenda kwenye damu. Ukuta ukiwa mzima, namba huwa kubwa. Ukinenepa au ukipata makovu, namba hushuka.

Wagonjwa wengine, wakisikia habari ya jiko la mkaa, walitaka kuondoka. Hao aliwapa mfano wa chujio la chai. Hatuitafuti chai, aliwaambia. Tunataka kujua kama chujio limeziba.

Hakuajiriwa kwa vyeti. Hapo mwanzo alikuwa mtunza mafaili ya picha za eksirei, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Mashine ilipoletwa, daktari mkuu wa wakati ule alikisoma kitabu chake usiku na mchana, akakuta humo sharti asilolitarajia: mashine ya namna ile haiaminiki mpaka iwe na mtu wake. Ilitakiwa mtu mwenye afya, asiyevuta sigara, apimwe kila wiki na namba yake iandikwe. Mapafu ya mtu mzima wa afya hayabadiliki wiki hadi wiki. Kwa hiyo namba ikiyumba, anayeumwa ni mashine. Daktari akaanza kuwatafuta watu. Dereva alivuta sigara, bwana wa mapokezi alivuta mbili mbili, mfamasia alikuwa na pumu, na muuguzi mkuu alisema hawezi kuuma mpira wa bomba ulioumwa na wenzake, hata uchemshwe siku tatu. Akabaki mtunza mafaili. Alipata ishirini na saba. Wiki ya pili, ishirini na saba. Wiki ya tatu, vilevile. Daktari alimpiga bega akasema kwamba huyu si mtu, ni jiwe la mizani. Akapelekwa kusoma kazi hiyo miezi sita, akarudi akiwa mtaalamu.

Tangu hapo kila Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, kabla korido haijajaa vikohozi, alijifungia ndani ya kibanda, akajibana pua, akajipima. Namba aliiandika katika daftari lenye jalada gumu. Ukilifungua ukurasa wowote ungeona jambo moja: ishirini na saba, ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na saba. Ukutani, juu ya meza, palikuwa na karatasi ya sheria aliyoiandika kwa mkono wake: namba ikipungua kwa mbili majuma mawili mfululizo, mgonjwa asipimwe, utafutwe ugonjwa wa mashine.

Sheria hiyo iliwahi kumpa heshima. Katika mwaka wa kumi na moja waliletewa mtungi mpya wa gesi, na namba yake ikaanguka hadi ishirini na nne. Kila mtu aliamini kibandiko cha mtungi. Yeye peke yake aliamini kifua chake, akakataa kumpima mgonjwa hata mmoja. Wauzaji wa gesi walipochunguza, wakakuta kibandiko kimekosewa kiwandani. Waliandika barua ya kuomba radhi, na daktari mkuu akaibandika kwenye ubao wa matangazo, ikakaa hapo mpaka jua likaifuta. Baada ya hapo hakuna aliyeyatilia shaka mapafu yale, na mwenyewe aliyaamini kuliko wote.

Sasa, Bwana Shikilia alikuwa na mdogo wake, baba mmoja, mama mmoja. Mdogo mtu huyo hakuoa. Aliishi katika chumba cha uani nyumbani kwa kaka yake, akafuga njiwa sitini kwenye banda la mbao na mabati aliloliegemeza ukutani. Alikuwa mtu wa maneno. Wageni wakija, aliwaambia kwamba sisi wengine tunapumua bure, lakini kaka analipwa mshahara na akifika uzeeni atapewa na kiinua mgongo. Shemeji yake alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia.

Mdogo mtu huyo alifariki Alhamisi moja asubuhi, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya banda, moyo umesimama. Bwana Shikilia ndiye aliyemkuta. Alimlaza chini, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akanawa mikono, akawaita majirani. Kila jambo alilifanya kwa zamu yake. Siku za msiba zikapita, watu wakatawanyika, naye akawa anaungoja uchungu kama mtu anayengoja mgeni aliyeleta taarifa kwamba yuko njiani. Mgeni hakufika. Mkewe alimwambia kwamba kulia si aibu. Alimjibu kwamba analijua hilo.

Kilichobaki ni njiwa. Kila alfajiri, kabla ya kuoga, aliingia ndani ya banda, akafunga mlango wasitoke, akakwangua kinyesi kikavu kwa mwiko wa fundi mwashi, akazoa manyoya, akatia nafaka na maji. Vumbi jeupe lilimtanda kope na mabega. Hakulifurahia jambo hilo wala halikumchosha. Alilifanya kama saa inavyozunguka.

Miezi minane baadaye namba ikaanza kwenda chini. Ishirini na sita. Hilo si neno. Ishirini na tano. Ishirini na tano tena. Akaifuata sheria yake. Alibadilisha chembechembe za kukaushia hewa, akabadilisha mabomba, akaisukumia mashine hewa kwa bomba kubwa la mkono, la lita tatu, kutazama kama inavuja. Haikuvuja. Alitazama mtungi: ulikuwa umefungwa mwezi uliotangulia. Akaikumbuka barua ya ubaoni.

Ndani ya mashine mlikuwa na namba ya kurekebishia, ambayo kwa kawaida husomeka moja. Aliyejua namna ya kuifikia ni yeye na fundi anayekuja kuihudumia mara moja kwa mwaka. Aliipandisha hadi moja nukta sifuri nane, akaingia kibandani, akajipima. Ishirini na saba. Akaandika daftarini: Mtungi. Imerekebishwa. Kisha akafungua mlango akamwita mgonjwa wa kwanza.

Miezi minne baada ya hapo namba ikateleza tena, naye akaipandisha hadi moja nukta moja tano. Alikuwa kama mtu anayekonda kila mwezi, naye kila mwezi anamlaumu fundi cherehani kwa kumshonea suruali pana. Ni kweli kwamba akipanda ngazi alisimama kidogo katikati. Lakini alikuwa na miaka hamsini na minne, na alidhani umri ndivyo ulivyo. Ni kweli pia kwamba jioni alikuwa na kikohozi kikavu. Mkewe alimpa asali. Wala hakufanya hila. Asubuhi zile, angeulizwa na hakimu, angeapa kwa moyo mweupe kwamba anaitengeneza mashine. Na kwa kuwa namba hiyo hiyo ndiyo iliyorekebisha hesabu ya kila aliyeketi kibandani, kila mgonjwa aliyepimwa katika miezi hiyo alitoka na karatasi inayomsifu kuliko mapafu yake.

Mmoja wao alikuwa mshona magodoro. Huyu alifanya kazi katika kiwanda kidogo, kwenye chumba cha kuchambulia pamba na sufi, ambamo hewa huwa nyeupe kama maziwa. Mwaka uliotangulia alipata kumi na nne. Daktari wa kifua, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimwambia waziwazi: ukishuka chini ya kumi na tatu, chumba kile nakukataza, na barua kwa mwajiri nitaiandika mimi. Alipopimwa mwaka huu, mashine ikasoma kumi na nne. Daktari akafurahi, akamruhusu kurudi kwenye pamba.

Miezi miwili baadaye alikuja bila miadi. Alikaa kwenye benchi ya korido muda mrefu kabla ya kuweza kusema, mikono juu ya magoti, midomo imepauka.

"Bwana Shikilia," alisema hatimaye, "mashine yako inasema mimi mzima. Ngazi zenu zinasema mimi maiti. Sasa nimwamini nani?"

Wagonjwa wenzake walicheka. Bwana Shikilia alimwambia kwamba mashine haina kinyongo na mtu. Lakini alipomwingiza kibandani na kumpima, ikasoma kumi na tatu na nusu, naye akazitazama kucha za yule mtu, zilivyoingia ubuluu na kuvimba kwenye ncha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezitazama kucha za watu wenye kumi na tatu na nusu. Hazikuwa hizi.

Hakuhisi hofu. Ilikuwa kama kusikia mlango unagongwa katika nyumba ya jirani. Akamwambia mshona magodoro apumzike nyumbani wiki ile, asiguse pamba, atapigiwa simu.

Siku ya Jumanne akaja fundi wa mashine kwa ukaguzi wa mwaka. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mkoba wa bisibisi na desturi moja: baada ya kazi, hujipima mwenyewe. Namba yake aliiandika kwa penseli upande wa ndani wa mlango wa mashine, mwaka hadi mwaka. Mwaka uliopita ilikuwa thelathini na moja. Aliingia kibandani, akavuta, akashikilia, akaachia. Bwana Shikilia akamsomea namba: thelathini na sita.

Fundi alitoka akijishika tumbo. "Mwaka huu nimeongezeka kilo nane, mzee. Nikitembea mpaka dukani natweta. Halafu mapafu yawe ya kijana wa mbio? Haiwezekani." Kisha akaacha kucheka. Alifungua ukurasa wa ndani wa mashine, akautazama. "Umeigusa hii?"

Bwana Shikilia alisema ameigusa, mara mbili, kwa sababu ya mtungi.

"Mtungi nimeupima leo asubuhi kwa kifaa changu. Hauna kasoro."

"Basi ni mabomba."

"Mabomba mazima. Mashine nzima. Mzee, mimi sitaki kukuudhi," fundi alisema, akiwa ameinamia mkoba wake ingawa hapakuwa na anachotafuta. "Hapa ndani tulikuwa na vitu viwili vya kupimana. Kimoja nimekikagua, ni kizima."

Nje, gurudumu la kitanda cha kusukuma lilikuwa linalia koridoni. Bwana Shikilia aliirudisha namba ya kurekebishia kwenye moja, akamwomba fundi asimamie mashine, akaingia kibandani. Tangu awe mtaalamu, ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mwingine kumwambia vuta, shikilia, achia. Alipofika sekunde ya saba kifua kilitaka kupasuka. Akafika kumi. Alipotoka, fundi alikuwa amegeuza uso wa mashine upande wake ili asome mwenyewe.

Ishirini na mbili.

Aliiandika daftarini kwa kalamu, chini ya ishirini na saba za uongo, mkono wake ukiwa umetulia kabisa. Alimshukuru fundi. Alimsainia karatasi ya kazi. Kisha akafunga mlango, akashuka hadi ofisi ya daktari wa kifua akiwa na daftari kwapani, akasimama mbele ya meza na kumweleza jambo zima kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe, kama anayesoma taarifa ya mtu mwingine. Akamaliza kwa kusema kwamba waliopimwa katika miezi hiyo ni watu thelathini na wanane, na kwamba mshona magodoro ndiye aliye hatarini kuliko wote.

Daktari alifumba macho, akayafumbua. Alimwambia akae. Hakukaa mpaka alipoambiwa mara ya pili.

Wagonjwa wataitwa kesho, wote, alisema daktari. Na mkurugenzi ataambiwa leo. Kisha akavuta karatasi ya maswali ya mgonjwa mpya. Karatasi hiyo ilikuwa imeandikwa na Bwana Shikilia mwenyewe miaka mingi nyuma, ili maswali ya kitabu cha mashine yaeleweke na watu wa kawaida. Daktari akaanza la kwanza. Bwana Shikilia alijibu kabla halijamalizika, kwa maana aliyajua kwa moyo: havuti sigara, hajafanya kazi mgodini, hajapasua mawe, hajawahi kulazwa kwa kifua. Wakafika swali la tisa.

"Unafuga ndege?"

Swali hilo alikuwa amewauliza maelfu. Alikuwa amewaeleza kwa nini linaulizwa: kwamba vumbi la manyoya na kinyesi cha ndege, kwa baadhi ya watu, huuwasha mwili dhidi ya mapafu yake wenyewe, polepole, bila kelele, mpaka ukuta unanenepa. Sasa alilitazama lile swali kwenye karatasi, kwa mwandiko wake.

"Siyo wangu," alisema. "Ni wa marehemu mdogo wangu."

"Mapafu hayaulizi ni wa nani, mzee wangu," alijibu daktari, bila ukali. "Ni wangapi?"

"Sitini. Wawili walikufa. Hamsini na nane."

"Na banda nani analisafisha?"

Alijikung'uta bega la koti, ingawa lilikuwa safi.

Kwa siku nne zilizofuata aliwapigia simu wagonjwa thelathini na wanane, mmoja mmoja, yeye mwenyewe, ingawa bibi wa mapokezi alijitolea kumsaidia. Kila mmoja alimwambia sentensi ileile: kipimo chako kilikosewa, kosa ni langu, tafadhali njoo upimwe tena. Wengine walimtukana. Mmoja alimwombea dua. Mwingine alidhani ni matapeli akakata simu mara tatu. Muuguzi mmoja wa wodi ya kifua, dada mwembamba asiyevuta sigara, alipewa kazi ya kuwa mtu wa mashine, na mkurugenzi akaamua kwamba kuanzia sasa watakuwa wawili na kwamba namba ya kurekebishia haitaguswa bila saini mbili. Bwana Shikilia aliachiwa kazi yake kwa barua ya onyo. Aliisoma, akaikunja mara tatu, akaitia mfukoni. Hata kabla ya kufika kwenye ngazi alikuwa ameisahau.

Mshona magodoro alikuja Ijumaa. Alipimwa mara mbili, na mara zote mbili mashine ikasoma kumi na mbili. Bwana Shikilia alivuta kiti akaketi mbele yake. Wagonjwa hupewa majibu na daktari. Lakini jibu hili alimwomba daktari amwachie alitoe yeye mwenyewe, na daktari akakubali akisimama pembeni. Akamwambia mshona magodoro kwamba namba yake ilikuwa kumi na mbili hata ile siku aliyopewa kumi na nne, na kwamba hakupaswa kurudishwa kwenye pamba.

Yule mtu alilitafakari jambo hilo kwa makini, kama anayetafuta mshono uliofumuka.

"Kwa hiyo miezi miwili nimevuta vumbi," alisema, "kwa sababu wewe ulikuwa mgonjwa, hukutaka kujua."

"Ndiyo."

"Hiyo iliyokwenda inarudi?"

Bwana Shikilia alimtazama daktari, kisha akajibu mwenyewe. "Haijulikani. Sehemu, labda. Makovu hayarudi."

Mshona magodoro aliinuka, akapokea barua ya kuhamishwa, akamuaga daktari. Bwana Shikilia hakupewa mkono. Alibaki ameketi, akaangalia kiti kitupu, akaungoja tena ule uchungu. Hakuja mgeni.

Nyumbani, mkewe alikwisha kuambiwa na daktari kwa simu, kwa sababu daktari alikuwa mwerevu kuliko alivyoonekana. Bwana Shikilia alimkuta mkewe ameketi kwenye kizingiti cha uani, ameufunga mlango wa banda kwa kufuli na ufunguo ameutia kwenye fundo la khanga yake. Kikulacho ki nguoni mwako, alimwambia. Nami nilikuwa nazifua nguo zenyewe, nikaona ule unga, nikaukung'uta. Alisema kwamba amempata mfugaji wa upande wa pili wa mji, atakuja kesho na matundu.

Mumewe alimwambia ampe muda kidogo.

"Muda wa nini, baba watoto? Shemeji alifuga njiwa. Hakufuga ili wakumalize."

"Nikiwatoa hakibaki kitu."

"Kutabaki wewe," alisema mkewe. "Mimi namtaka huyo."

Njiwa wakachukuliwa Jumamosi. Mfugaji aliwatia ndani ya matundu saba, naye Bwana Shikilia akatazama kutoka dirishani, dirisha limefungwa, kama alivyoamriwa. Jumapili asubuhi wote walikuwa wamerudi. Walijipanga juu ya paa, kichwa kimoja baada ya kingine, wakiangalia chini. Mfugaji akaja tena. Wakarudi tena, arobaini hivi. Ndipo mkewe alipokodi seremala, na banda likabomolewa ubao kwa ubao mpaka ukuta ukabaki na alama yake tu, mraba mweupe kuliko sehemu nyingine. Njiwa walizunguka uani siku nne. Walitua mahali pasipo na kitu, wakaruka. Siku ya tano walikuwa kumi na wawili, siku ya saba watatu, kisha hapakuwa na njiwa. Bwana Shikilia aliwahesabu kila alfajiri kupitia kioo, maana hakuwa na kazi nyingine saa hiyo. Asubuhi ya kwanza pasipo njiwa aliona kwamba ule ubaridi wa ndani, uliokaa naye tangu msiba, haukuwa mahali pote tena. Palikuwa na sehemu moja, chini ya koo, iliyokuwa inauma. Aliishika kwa vidole viwili. Hakumwambia mtu.

Alimeza vidonge. Uso ulimvimba kwa dawa, watoto wa mtaani wakaacha kumwigiza. Kila Jumatatu aliingia kibandani, dada muuguzi akimsimamia, na namba iliandikwa ilivyo: ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Safu yake daftarini haikuwa tena kipimo cha mashine. Ilikuwa habari ya mgonjwa mmoja miongoni mwa wengine, na kazi ya kuwa jiwe la mizani alikuwa nayo yule dada, ambaye mapafu yake yalikuwa ishirini na moja na hayakutikisika.

Mwezi wa tatu mshona magodoro akarudi kwa miadi. Alikuwa amehamishiwa dukani, mbele, mahali pa kuuzia, na alikuja na mfuko mkubwa wa vitambaa vya kufunika magodoro alivyotumwa kuvichukua njiani. Hakumwamkia kwa jina la utani. Aliingia kibandani, akafanya yote aliyoambiwa, akatoka.

"Kumi na mbili," alisema Bwana Shikilia. "Haijashuka."

"Haijapanda."

"Haijapanda."

Mshona magodoro alivaa koti lake taratibu, kifungo kwa kifungo. Alilitazama daftari lililokuwa wazi mezani, na ile safu ndogo ya kalamu pembeni.

"Na wewe," aliuliza, "yako ngapi?"

Katika miaka kumi na tisa hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza hilo. Alimwambia: ishirini na nne, Jumatatu iliyopita.

"Mara mbili ya yangu."

"Ndiyo."

"Basi nibebee mfuko huu mpaka barabarani."

Bwana Shikilia aliuchukua. Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana. Walitoka pamoja, yeye na koti lake jeupe, yule mwingine mikono mitupu, wakashika ujia wa lami unaokwenda langoni, jua likiwa kali. Njiani walisimama mara mbili kupumzika. Mara ya pili mshona magodoro aliangalia pembeni mpaka mwenzake alipomaliza kukohoa, kisha wakaendelea.